Toleo Kamili

Kiwandani tulikokuwa tukichapa vitabu vya shule, mwenzangu wote tulimwita Nukta, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini. Kosa halikumpita. Angeweza kusimama barabarani, mvua inamnyeshea, anatazama bango la duka na kutikisa kichwa kwa ajili ya herufi moja. Mwenye nyumba wake wa zamani alipomletea notisi ya kumtaka ahame, aliisoma pale pale mlangoni, akachomoa kalamu nyekundu aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele, akasahihisha, akamrudishia. "Ukiiandika upya ikaeleweka, tutahama," alimwambia. Yule bwana alicheka hadi akaomba kiti. Hawakuhama, yeye na mumewe, mpaka walipojenga kwao.

Chumba cha wasoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, kilikuwa nyuma ya mitambo. Dirisha lilikuwa moja, tena halifunguki, na meza zilitetemeka mashine zikianza kazi, kwa hiyo vikombe vya chai tuliviweka sakafuni. Mimi nilisoma mswada kwa sauti, mikato na nukta zote nikizitamka, naye alifuata kwenye prufu kwa ncha ya kalamu. Tulifanya hivyo mpaka mvi zikatuota. Kwa hiyo katika haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe, bila kujipendelea.

Kiwanda kilipouzwa, wenye kukinunua walituambia kwa upole kwamba sasa kompyuta ndiyo itakayosoma. Tukapewa mkono wa kwaheri. Mimi nikafungua kibanda cha kutoa kopi karibu na mahakama. Nukta akarudi nyumbani kwake, ambako mumewe alikuwa na karakana ya useremala uani.

Mumewe tulimwita Fundi tu. Alikuwa mkimya wa kupindukia. Ukimuuliza habari anakujibu "njema," anarudi kwenye randa yake, nawe unaondoka ukiona mmezungumza vya kutosha. Wote wawili walitoka milima ile ile, vijiji vinavyotazamana, kimoja juu mlimani, kwao Nukta, na kingine chini bondeni, kwao Fundi. Jikoni walisemeshana kwa lugha ya kwao, lugha ambayo waliobaki wakiisema wengi wao walikuwa wazee. Binti yao wa pekee, muuguzi, aliielewa yote lakini aliwajibu kwa Kiswahili.

Mwaka ule ule tulioachishwa kazi, shangazi yake Nukta, dada wa baba yake, aliletwa mjini kutibiwa macho. Fundi alimtengenezea kitanda kifupi asichohitaji kukipanda, akakiweka chumba cha nyuma. Bibi yule alimpenda mkwe wake kupita kiasi. Zamani, wazee wa ukoo walipoguna juu ya posa ya Fundi, ni yeye aliyesimama akawaambia waache ujinga, kijana ana mikono na ana adabu, wanataka nini tena. Nukta aliamini siku zote kwamba waliguna kwa sababu Fundi alikuwa hana kitu.

Sasa, huyo shangazi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho aliyeujua mzima Wimbo wa Njaa. Kwao, wimbo huo ndio historia: jinsi watu walivyoikimbia njaa kuu, wakapanda milimani, nani alitangulia, nani alifia njiani, nani alipewa ardhi ipi. Wengine walijua vipande. Yeye aliujua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na daktari wa macho alikuwa amemnong'oneza Nukta kwamba moyo wa bibi nao si mzima.

"Ukifa nao utakuwa umetufanyia nini, Shangazi?" Nukta alimuuliza asubuhi moja.

"Nitakuwa nimepumzika," bibi alijibu. "Lakini kama una subira, kaa hapa."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Nukta aliandika, akatafsiri kwa Kiswahili, akagundua kuwa kwa mara ya kwanza maishani hasahihishi maneno ya mtu mwingine. Alikuja kibandani kwangu kutoa kopi, uso unang'aa, akinisomea mistari huku wateja wamepanga foleni.

Kulikuwa na mfuko mmoja wa urithi uliotoa ruzuku kwa matoleo ya kitaaluma na tafsiri za fasihi za zamani. Aliomba, akakataliwa: hakuwa na shahada, wala chuo nyuma yake. Akapiga moyo konde, akaenda kwa Profesa, mwalimu wa lugha chuoni, ambaye zamani aliwahi kuokolewa na Nukta asichapishe aibu kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Profesa alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutafuta wa kumlaumu, nao humuanzia yeye.

"Mimi nitaandika dibaji na kuwajibu hao wa mfuko," alimwambia. "Kazi ni yako, na jina la juu kwenye jalada litakuwa lako."

Mara ya pili ruzuku ikatoka. Tulikunywa soda uani kwa Fundi, kati ya vumbi la mbao, naye Fundi akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Mke wangu sasa ataitwa jina lake."

Masharti ya mfuko yalikuwa ya haki. Maneno ya asili yawe upande wa kushoto, tafsiri kulia, maelezo chini. Toleo liwe kamili; kisiachwe kipande bila sababu kuandikwa. Mwisho wa kazi, vitabu vipelekwe kwa wenye wimbo, na usomwe hadharani mbele yao. Nani angekataa masharti kama hayo? Nukta aliyaona kama yameandikwa na mtu aliyemjua.

Walinunua kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu. Kila asubuhi Fundi aliacha kupiga nyundo ili bibi aimbe. Hilo nalo ujue: mtu huyo alikaa kimya kwenye karakana yake, akipiga msasa tu, kwa sababu msasa haunaswi.

Siku moja bibi alifika mahali ambapo watu wamekwisha kupanda mlima na wanagawana ardhi. Akasita.

"Hapo zima," alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna kipande kinakuja ambacho huimbwa mlango umefungwa. Wimbo haukatwi, kwa hiyo nitakuimbia ukijue. Lakini hicho chombo kizime."

Macho ya bibi yalikuwa yamefungwa bandeji. Nukta alikichukua kinasa, akakigeuza juu chini mezani ili taa isionekane na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe.

"Nimezima," alisema.

Bibi akaimba. Wakati wa njaa, wapita njia walimleta mtoto wa kiume. Ukoo wa Nukta ulikuwa na akiba ya nafaka. Kwa Kiswahili chake Nukta baadaye aliandika hivi:

*Walimleta mtoto wa watu, shingo nyembamba kama bua;*
*tukapima nafaka, wakapokea, wakatokomea.*
*Tukampa bonde, tukamwita wetu,*
*lakini siku ya mirathi hatukumwita.*

Kisha yakafuata majina: huyo mtoto alimzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Majina mawili ya mwisho Nukta alikuwa ameyaandika kwa mkono wake kwenye cheti cha ndoa. La mwisho kabisa lilikuwa la baba mkwe wake.

"Umeelewa kwa nini waliguna?" bibi aliuliza.

Ng'ambo ya ukuta, msasa ulikuwa unaenda na kurudi.

"Yeye anajua?" Nukta aliuliza.

"Sijui. Wala usimuulize. Watoto wa sasa tuliamua msiambiwe. Kipande hiki kife na mimi."

Nukta alikuja kwangu siku ya pili yake. Nilifunga kibanda, tukakaa ndani. Hakulia, alikuwa na woga tu, na chini ya woga ule, nisiseme uongo, kulikuwa na kitu kingine. Nilimfahamu vya kutosha kukitambua. Alikuwa amepata ukurasa ambao hakuna mtu aliyewahi kuupata.

"Mwambie mumeo," nilimwambia.

"Nitamwambia."

"Na kipande ukiache."

"Nikikiacha lazima niandike sababu. Nikiandika sababu nimekisema." Akasugua paji la uso. "Halafu mimi nani nikate wimbo? Miaka yote hii nawagombeza waandishi kwa neno moja walilolificha."

"Hao hawakuwa mumeo."

"Nani atasoma, shoga yangu? Kitabu kinene, maelezo chini kama mchwa. Watasoma maprofesa watano na wanafunzi wao waliolazimishwa."

Hapo alikuwa anasema kweli. Ndivyo vitabu vya namna ile vilivyo. Kazi ikaendelea. Wasomaji wa siri wa mfuko, wataalamu wanaopima kazi bila kutajwa majina, waliporudisha maoni, walikisifu kile kipande kuliko vyote, wakasema ni ushahidi adimu wa jinsi watu walivyonunuliwa na kufanywa ndugu nusu. Profesa alimpigia simu akiwa na furaha ya kitoto. Nukta angeweza kumwambia hapo. Angesema tu: huyo ni baba mkwe wangu. Profesa angesimamisha kila kitu, namjua. Lakini kumwambia Profesa kabla ya kumwambia Fundi aliona ni fedheha kubwa zaidi, na kumwambia Fundi kulikuwa kila siku ni kesho. Kesho ana kazi ya madawati. Kesho ana mafua. Kesho bibi anarudi milimani, tusiharibu safari. Kesho zikawa misimu miwili ya mvua, wanakula meza moja, anamwekea chai, anamkung'uta vumbi la mbao mabegani.

Kitabu kikatoka. Kilikuwa kizuri, jalada la kijani, jina lake juu. Tulikinusa kama tulivyokuwa tukinusa vitabu kiwandani. Hakikuwa na kosa hata moja. Nililitafuta kwa wivu nikalikosa.

Siku ya kukipeleka kwa wenyewe tulienda wote. Ukumbi ulikuwa wa shule, mabenchi ya watoto, magoti ya watu wazima yakigusana na videvu. Watu wa mlimani na wa bondeni walijaa mpaka madirishani. Bibi aliwekwa mbele kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Fundi alikaa safu ya pili na binti yake, amevaa koti lake la harusi, limembana. Nukta alikuwa amepanga na Profesa kwamba asome kipande cha mvua ya kwanza, ambacho ni kitamu na hakina mtu wa kukionea aibu.

Kilisomwa, watu wakapiga makofi, na wazee wengine wakaitikia kwa kuimba. Kisha mama aliyetoka kwenye mfuko akasimama kutoa shukrani. Alikuwa na sauti ya upole, viatu vyake vimejaa vumbi na hajali. Akasema hawezi kuondoka bila kukisikia, katika nchi kilikotoka, kile kipande ambacho wasomaji walikisifu zaidi. "Tafadhali, Profesa."

Profesa akafungua ukurasa. Nilimwona Nukta akiinua mkono, nusu, kama mtu anayetaka kumsimamisha dereva ambaye ameshapita. Akaushusha.

Profesa alisoma kwa lugha ya asili, polepole, kwa heshima, akiwa na furaha ya mtu anayerudisha mali ya watu. Alifika kwenye majina. Shingo moja iligeuka kumtazama Fundi, halafu ya jirani yake, halafu za nyuma yao, kama nyasi zinavyolala upepo ukipita. Watu wa bondeni hawakugeuka. Wao walitazama chini.

Fundi aliangalia mikono yake. Binti alishika mkono wa koti la baba yake. Fundi hakuondoka. Alikaa hadi mwisho, akapiga makofi wengine walipopiga, na shughuli ilipokwisha akasaidia kubeba maboksi yaliyobaki hadi kwenye gari.

Nukta alienda kupiga magoti mbele ya shangazi yake. Bibi alimpapasa uso kwa vidole, kama kuhakikisha ni yeye.

"Uliniambia umezima," alisema. Basi. Akaomba apelekwe nyumbani.

Tulirudi mjini na hakuna aliyezungumza ndani ya gari isipokuwa Profesa, ambaye hakuelewa, akadhani tumechoka.

Asubuhi yake Nukta alimkuta mumewe karakana, ananoa msumeno kwa tupa. Alisimama mlangoni. Haya aliniambia yeye, na naamini hakuongeza wala kupunguza neno.

"Nisamehe," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Shangazi alipoimba."

Fundi aliendelea na tupa, jino kwa jino. "Misimu yote hiyo."

"Nilikuwa nitakuambia. Kila siku nilikuwa nitakuambia. Sikutaka ulisikie pale, mbele ya watu, jambo ambalo hukuwa unalijua..."

"Nalijua," Fundi alisema. "Baba aliniambia nikiwa mdogo, siku waliyogawana mashamba ya juu nasi hatukuitwa. Kwetu kila mtoto huambiwa, asije akashtuka akitukanwa."

Nukta alikaa juu ya rundo la mbao.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Hapo Fundi aliweka tupa chini. "Kwa sababu wewe ulikuwa hujui. Watu wa kule wote, wakinitazama naona wanajua. Hata wanaonipenda, wananipenda huku wanajua. Hata Shangazi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unanitazama hivi hivi, mtu tu. Nikiingia ndani kwangu jioni, najiona nimefika." Alipangusa msumeno kwa kitambaa. "Kumbe na wewe ulikuwa umeshajua. Nami sikuona tofauti. Hilo ndilo linalonishinda, Mama. Kwamba sikuiona."

"Hakukuwa na tofauti! Nilikutazama vile vile!"

"Labda," alisema. "Lakini sasa nitajuaje?"

Hakumtukana, hakumpiga, hakumwambia mtu. Alihamishia godoro lake karakana, kwa kisingizio cha wezi wa mbao. Binti alipopata uhamisho kwenda hospitali ya mji mwingine, Fundi alikwenda kumsaidia kufunga makabati ya nyumba, na makabati hayakuisha. Zana zake zilifuata kidogo kidogo, kila safari na mfuko wake, mpaka karakana ikabaki na benchi ambalo halibebeki.

Nukta alikwenda milimani mara moja. Bibi alimpokea vizuri, akamkaribisha, akauliza habari za wote mmoja mmoja. Alipomwomba radhi alimjibu, "Tumeshazungumza hayo, mwanangu," ingawa hawakuwa wamezungumza. Aliimba tena? Hapana. Watoto wa jirani walipomwomba, alisema sauti imekauka. Alikufa kabla ya mavuno, na kwenye mazishi watu wa bondeni walisimama upande wao, mbali kidogo kuliko walivyokuwa wakisimama zamani. Hilo halikuwa jambo la Nukta na mumewe tu. Vijana wawili waliokuwa wamechumbiana kati ya vijiji vile waliachana mwaka ule, na kila mtu alijua kwa nini.

Wakati huo huo kitabu kilipata sifa. Mfuko uliandika kumpongeza, ukasema umetenga ruzuku nyingine, ya kukitafsiri kwa lugha ya kigeni. Nukta aliomba kile kipande kiondolewe. Hapo ndipo alipomweleza Profesa yote. Mzee wa watu alikuja nyumbani kwake na kofia mkononi, akakaa chumba cha nyuma ukingoni mwa kitanda kile kifupi, akalia waziwazi.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia neno moja tu."

"Najua."

Profesa aliwaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba maandishi yaliyokwisha kuchapishwa hayawezi kupunguzwa katika tafsiri, ila mhariri anaweza kuongeza maelezo chini ya ukurasa. Nukta alijaribu kuyaandika maelezo hayo. Aliniletea rasimu nyingi nizisome kwa sauti, kama zamani. Kila moja ilikuwa sahihi. Hakupeleka hata moja.

Siku moja binti alikuja kumtembelea. Walikuwa wanaosha vyombo. Binti, ambaye maisha yake yote alijibu kwa Kiswahili, alikuwa anaimba chinichini kwa lugha ya kwao, na Nukta akatambua mwendo wa Wimbo wa Njaa, ila maneno hayakuwa yale ya shangazi yake. Aliacha sahani majini.

"Huo umeutoa wapi?"

Binti alikatiza wimbo. "Kwa Baba," alisema. "Wa kwao wana beti zao za huyo mtoto. Wao hawasemi kwamba alinunuliwa."

"Wanasemaje?"

"Mama." Binti alikausha mikono yake taratibu. "Ameniambia nizishike kichwani. Na ameniambia nisikuambie wewe."

Nukta hakuuliza tena, wala siku ile wala baadaye. Aliniambia hivyo kibandani kwangu, amesimama pembeni ya mashine ili asiwazuie wateja, akasema labda zile beti ndizo zilizokosekana tangu mwanzo, na kwamba ni haki yake asizipate.

Karakana sasa ameipangisha kwa fundi baiskeli, ambaye hapumziki kupiga kelele, na Nukta anasema afadhali. Binti hupiga simu kila mwisho wa juma. Mwishoni mwa mazungumzo husema, "Baba anakusalimu," na Nukta hujibu, "Nami namsalimu," halafu husubiri kidogo na simu sikioni, mpaka upande wa pili ukate.